Watoto Wetu na Mashua ya Mjomba



Mwalimu mmoja, rafiki yetu wa bara, ambaye maisha yake yote ameiona bahari mara mbili tu, alituandikia kutuuliza kama ni kweli kwamba wakati wa likizo sisi huwachukua watoto wetu wadogo katika chombo cha tanga, tukashinda nao baharini na hata kulala nao safarini. Na kama ni kweli, alitaka kujua watoto hao huanzishwaje, na mama yao hukubalije. Tulimjibu kwa barua fupi kwamba ni kweli. Lakini barua ile haikuturidhisha, kwani tulimweleza mazuri tu, na makosa yetu tukayaficha. Na makosa hayo ndiyo yaliyotufundisha. Basi leo twamwandikia yeye, pamoja nanyi nyote, habari iliyo kamili.

Sisi twakaa Muheza, penye michungwa na katani. Bahari si mbali, walakini watoto wetu hukua kama watu wa milimani, wakiijua kwa masimulizi. Mjomba wetu, ndugu wa mama yetu mzazi, ni mtu wa Bweni, ng'ambo ya Mto Pangani, na kazi yake tangu ujana ni uvuvi. Ana mashua moja, kuukuu lakini nzima, na likizo zetu za utoto tulizimalizia humo. Kwa hiyo bahari twaijua kidogo. Twasema kidogo kwa makusudi, maana ajuaye kidogo ndiye ajionaye fundi.

Katika Desemba 2017 kifungua mimba wetu alikuwa na miaka 7. Alikuwa hajapanda chombo cha tanga hata mara moja, wala hajui kuogelea. Tukasema moyoni mwetu, huyu ni mtoto wa kiume, tena damu ya Bweni imo ndani yake, hana haja ya kubembelezwa. Tukamtia mashuani asubuhi na mapema, tukaelekea Maziwe.

Kwa wasiopajua, Maziwe ni fungu la mchanga lililo katikati ya maji, kusini-mashariki ya Pangani, mkabala wa Ushongo. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa walikuja kutaga hapo kwa wingi. Bahari ikakila kidogo kidogo, hata miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha kuanguka. Sasa ni mchanga mtupu, mweupe sana, na matumbawe kuuzunguka. Ni mahali pa hifadhi, na aendaye hulipa kiingilio. Kasa hawakuacha kuja. Lakini kwa kuwa maji ya bamvua hufunika mchanga wote, mayai yao huchukuliwa na watu wa ulinzi na kufukiwa tena ufukoni Ushongo, yasije yakaharibika.

Siku ile ilikuwa bamvua, mwezi ndio kwanza uandame. Katika pwani yetu siku za bamvua maji hupwa kabisa yapata saa nne au saa tano ya asubuhi, nayo hujaa kabisa saa kumi au saa kumi na moja ya jioni, na tofauti ya kupwa na kujaa ni mita 3 na zaidi, yaani kupita kimo cha mtu mrefu. Hayo yote tuliyajua. Njiani mtoto alitapika mara mbili. Tukampa ndimu anuse, tukamwambia avumilie. Tulipofika akapata nafuu, akaokota viti vya pweza, akaanza kujenga nyumba ya mchanga yenye ua na mlango.

Saa saba Mjomba akatuita. Akasema, "Mwanangu, maji yamegeuka zamani. Mtoe mtoto, twende zetu."

Tukamjibu, "Ngoja kidogo, Mjomba, nataka aone."

Tulitaka aone nini? Tulitaka aone kwa macho yake jinsi nchi inavyomezwa na maji, ili shuleni atakapofundishwa habari za mwezi na bahari awe shahidi. Walimu mnaosoma haya mtatuelewa. Sisi watu wa ubao na chaki kila kitu twakiona somo. Hatari kwa kweli haikuwapo. Mashua ilikuwa inaelea hatua hamsini tu kutoka tulipo, nasi tungeweza kuifikia kwa miguu. Mchanga ukawa mdogo, ukawa kama ukumbi wa kanisa, kisha kama chumba, kisha kama mkeka. Wimbi moja likaja, likaichukua ile nyumba na ua wake. Mtoto akatazama mbele, akatazama nyuma, pande zote ni maji. Hakulia. Alinyamaza kabisa, akashika shati letu kwa mikono miwili, akajikojolea. Maji yalipofika magotini mwake ndipo alipopiga ukelele ambao mpaka leo tukiukumbuka usiku hatulali.

Na sisi tulicheka.

Tulicheka kama wanaume wachekavyo, kumwonyesha ya kuwa si kitu. Tukambeba mpaka mashuani, naye akaukumbatia mlingoti, wala hakuuacha njia nzima. Kaskazi ilikuwa ikitupiga ubavuni, na mlangoni mwa mto, pale maji ya mto na mawimbi ya bahari yanapopigana, tulirushiwa maji sote tukaloa. Mjomba hakusema neno. Usiku ule mtoto hakula.

Kesho yake tulipotaka kurudi Muheza hapana budi kuvuka mto kwa pantoni, safari ya dakika chache tu. Mtoto akakataa. Tukamvusha kwa nguvu, amefunikwa uso kwa kanga ya mama yake. Tukadhani yatapita, lakini hayakupita. Miezi kumi na sita baadaye, Aprili 2019, mke wa Mjomba alifariki, bibi yule aliyempenda mtoto huyu kuliko wajukuu wote, aliyemwekea kila mwaka mabuyu yake ya sukari katika kopo. Tukateremka sote kwenda kuzika. Kufika pantoni mtoto akaketi chini mchangani, akatetemeka, asiweze kusimama. Ikabidi mama yake abaki naye upande wa Pangani, sisi tukavuka na wengine. Tuliporudi jioni tuliwakuta wameketi palepale, mtoto amelala mapajani mwake. Mama watoto hakutugombeza. Alisema tu, "Baba, siku ile ulicheka. Leo mwanao amekosa kumzika bibi yake." Hatukuwa na jibu.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya huyu mama, kwa kuwa rafiki yetu aliuliza hukubalije. Yeye ana sababu za kuiogopa bahari kushinda mtoto. Meli ya Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, imepakia watu na mizigo kupita kiasi ikielekea Pemba, mamia ya watu wakafa, naye alikaa na redio siku mbili, maana jirani zetu walikuwa na jamaa safarini. Mwaka uliofuata, 18 Julai 2012, ikazama meli ya Skagit katika njia ya Dar es Salaam na Unguja. Hakupata kutukataza. Lakini kila tulipotaja mashua ya Mjomba alianza kufagia nyumba iliyokwisha kufagiwa.

Siku ya tatu ya matanga tulikuwa tumeketi barazani kwa Mjomba, wengine wamekwisha kulala. Tulimweleza habari za mtoto, tukategemea atatupa dawa. Akauliza, "Huko shuleni kwako, mtoto mgeni humwanzisha kwa kitabu kipi?" Tukamjibu kwamba huanzishwa kwa a, e, i, o, u. Akasema, "Nasi chuoni tulianza na alifu. Hatukuanza na Yasini. Wewe mwanao ulimfungulia Yasini, tena kwa sauti kuu, kisha ukamcheka aliposhindwa kuisoma. Sasa mwache. Usimtaje chombo. Mlete yule mdogo, nami nitakuonyesha alifu ya bahari."

Yule mdogo ni binti yetu, aliyekuwa na miaka 5 ilipofika Desemba 2019. Mama yake alikubali kwa masharti. Kwanza alitaka kila aingiaye mashuani avae jaketi la kujiokolea, mkubwa na mdogo, na la mtoto liwe la kadiri ya mwili wake, si la mtu mzima lililofungwa kwa kamba. Tukayanunua Tanga mjini, na bei yake ilituuma. Mjomba alipoyaona alicheka sana, akasema yeye alizaliwa majini na atakufa juu ya mkeka. Mama watoto akamjibu kwa heshima, "Shikamoo, baba. Mtoto hafuati maneno, hufuata anachokiona. Usipovaa wewe, yeye atalivua." Mzee akanyamaza kitambo, kisha akalitwaa, akalivaa kinyume. Tangu siku ile hulivaa, ingawa akiwaona wavuvi wenzake kwa mbali hujifunika shuka juu yake.

Siku mbili za kwanza binti yetu hakuingia majini hata kidogo. Mashua ilikuwa imepandishwa mchangani, Mjomba akiitia kalafati, naye akapewa kazi ya kusokota pamba na kumpa Mjomba kipande kwa kipande. Akapanda, akashuka, akajificha ndani yake, akajifunza majina kama wimbo: omo ni mbele, tezi ni nyuma, mlingoti ndio huu, foromali ndiyo ibebayo tanga, na kamba hii ni demani, haifungwi kabisa, hushikwa mkononi, ili upepo ukija kwa ghafula iachiliwe mara moja. Jioni alinuka sifa kichwa kizima. Wakati wa maji kupwa tulimfundisha kuelea chali katika maji ya kiunoni, jaketi amelivaa, kisha amelivua, mkono wetu chini ya mgongo wake.

Siku ya tatu tulimtia mtoni, si baharini. Hatukutweka tanga, Mjomba alisukuma kwa pondo kando ya mikoko, nusu saa tu, tukarudi. Binti akauliza kwa hasira, "Mbona twarudi?" Mjomba akatutazama, akasema, "Hilo ndilo neno nililokuwa nikilingoja." Tukaona ndipo tulipokosea kwa kaka yake: sisi tulikuwa tukingoja mtoto achoke ndipo tumrudishe, kumbe yafaa arudishwe angali akitaka. Kesho yake tanga likatwekwa, bado mtoni. Siku ya tano tukatoka mlangoni asubuhi, bahari imetulia, tukatazama wimbi la kwanza, tukageuza.

Twawaeleza kidogo na mambo ya mikono, kwa ajili ya wenye nafasi ya kufanya hivyo. Mtoto asiye na kazi chomboni huugua upesi. Binti yetu alipewa kopo la kuyafua maji ya ngama, na hata yalipokuwa hayapo aliyatafuta. Akianza kuona kichefuchefu haifai kumlaza chini akatazama mbao. Mgeuze atazame nchi kavu iliyo mbali, apate upepo usoni, na ndimu yake mkononi. Chakula kiwe kikavu, mihogo ya kuchemsha au mkate, wala si maandazi ya mafuta mengi kabla ya safari (somo hili tulilipa kwa kanzu nzima). Maji ya kunywa yazidi unavyofikiri, na kichwa kifunikwe, kwani jua la majini huchoma mara mbili, kutoka juu na kutoka chini. Kila mtoto na awe na mahali pake pa kuketi, chini katikati ya chombo. Na nahodha akisema tanga linageuzwa, vichwa viiname mpaka foromali ipite. Katika hilo hapana majadiliano wala kubembeleza. Na mtu aliye nchi kavu aambiwe mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi, awe na namba ya simu, na simu yenyewe ifungwe ndani ya mfuko usioingia maji.

Majira nayo ni neno kubwa. Likizo ya Juni ni wakati wa kusi, bahari huchafuka, na sisi watoto wadogo hatuwatoi mtoni kabisa. Desemba kaskazi huanza, na mara nyingi asubuhi zake ni njema. Hata hivyo husikiliza kwanza Mamlaka ya Hali ya Hewa inatangaza nini juu ya upepo na mawimbi, kisha twamuuliza Mjomba. Wakihitilafiana, twabaki nyumbani. Tena kaskazi hukupeleka Ushongo kwa raha kama mtu ashukaye mlima, ila kurudi Pangani ni kubisha huku na huku, na watoto huchoka. Ndiyo sababu hurudi alfajiri sana kwa umande, ule upepo wa bara uvumao kabla ya jua kuwaka, nao hukufikisha nyumbani watoto wakiwa nusu usingizini. Safari moja ya alfajiri kama hiyo binti yetu aliuliza kama Bwana Yesu alipolala chomboni juu ya mto alikuwa amevaa jaketi. Mjomba, ambaye ni Mwislamu safi, alijibu kabla yetu kwamba manabii hawana haja nalo, bali wavuvi waliokuwa naye walistahili kuvaa.

Na kaka mtu je? Miaka yote hiyo hatukumtaja chombo, kama tulivyoagizwa. Alibaki Pangani kwa shemeji yetu, upande huu wa mto. Dada yake alirudi na masimulizi mengi, mengine ya uongo, naye alisikiliza huku amejifanya anasoma kitabu. Desemba 2021 akatuomba tumfundishe kuogelea. Hakuomba zaidi ya hapo, wala hatukumwongezea. Tukamfundisha ufukoni, maji ya kiunoni, na kila mara aliposema basi, ilikuwa basi.

Desemba 2022, akiwa na miaka 12, alisema anataka kuliona kaburi la bibi. Akavuka kwa pantoni, ameshika chuma cha ukingoni, midomo imekauka. Tukasimama karibu naye bila kumgusa. Alipokwisha kusimama kaburini, jioni ile tuliketi naye ufukoni karibu na mashua iliyopandishwa. Kwa desturi zetu baba hamwombi mwanawe radhi, nasi tulilelewa katika desturi hizo na kuzisifu. Lakini tulimwambia ya kwamba siku ile pale Maziwe tulimkosea, tukamcheka alipokuwa na haki ya kuogopa, na kwamba twasikitika.

Akachora mchangani kwa kidole muda mrefu. Kisha akasema, "Baba, mimi sikuogopa maji sana. Ulipocheka nilidhani huoni kama yanapanda."

Wasomaji, tumefundisha watoto wa watu zaidi ya miaka ishirini, na neno hili hatukulijua. Tulidhani twamwonyesha kwamba baba yu pamoja naye, naye akaona kwamba yuko peke yake, aonaye hatari asiyeiona baba.

Desemba iliyofuata, 2023, tulikwenda sote, mama watoto naye, kwa mara yake ya kwanza. Tulishuka Ushongo kwa kaskazi ya asubuhi, tukalala huko kwa jamaa wa Mjomba, wavuvi, waliotukaanga kolekole wa kututosha siku tatu. Mama watoto alikaa njia nzima ameshika ubao kwa mkono mmoja na jaketi la mdogo wetu kwa mkono wa pili, akaomba sala zote anazozijua, lakini alipofika alikiri kwamba upepo ule ni mtamu. Kesho yake tukavuka mpaka Maziwe, siku ya bamvua tena, maana siku nyingine mchanga hautoki vizuri.

Wadogo wakateremka, wakakimbia. Kijana wetu hakuteremka. Akabaki mashuani na Mjomba, ameketi tezini, amechomeka pondo katika mchanga ubavuni mwa chombo, akiutazama mstari wa maji juu yake. Hatukumwita. Binti yetu alikuwa ameanza kujenga nyumba, na mdogo wake anamletea mchanga kwa kopo la ngama, nasi tumekwisha kulala kifudifudi tukikaushwa na jua.

Saa tano na nusu tukasikia sauti yake, si kubwa, "Baba, maji yamegeuka."

Tukainuka pale pale. Binti akasema nyumba haijaisha, tukamwambia iache vivyo hivyo. Tukamshika mdogo mkono, tukatwaa dumu na viatu, tukaenda mashuani maji yakiwa bado ya kifundo cha mguu. Naye akasogea kutupa nafasi, akainamisha kichwa, foromali ikapita.